Tipu kwenye kaunta ya kahawa Dar: mwongozo kamili wa kuiacha ifike kwa aliyekuhudumia

Swali hili halikauki. Umeagiza mwenyewe kaunta, umelipa kabla ya kunywa, umebeba kikombe chako hadi mezani. Je, unaacha kitu? Kiasi gani, na unampa nani? Wanaobahatisha huishia pabaya kwa namna mbili: wanatoka na aibu ya kutoacha chochote, au wanaacha pesa ambayo barista, yaani mtengeneza kahawa, haioni kamwe. Hili la pili linauma zaidi. Mteja ametoa kwa moyo mweupe, na mhudumu kamaliza zamu mikono mitupu.

Mwongozo huu ni wa sehemu za kuagizia kaunta: migahawa ya kahawa ya Masaki, Oysterbay, Mikocheni, Upanga na Posta, pamoja na vibanda vya kahawa ndani ya majengo ya ofisi na maduka makubwa. Kamusi inasema bakshishi, kaunta inasema tipu, na wengine husema "ya soda" au "ya maji". Tutatumia tipu. Neno "chai" liache kabisa, kwa sababu mjini lina harufu ya rushwa na linaweza kumweka mhudumu matatani mbele ya meneja wake.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: hudaiwi. Ukitaka kutoa, toa kidogo, taslimu, kando ya bili, na useme kwa mdomo kwamba ni tipu.

## Vitu vya kuandaa kabla hujatoka nyumbani

- Noti mbili tatu za 1,000 au 2,000 zisizochanika.
- Sarafu za 500 na 200, zikae mfuko wa peke yake.
- Pesa ya bili yenyewe, iwe taslimu, kwenye kadi au kwenye simu.
- Salio la ziada kwenye simu, kwa siku ambayo taslimu haipo kabisa.

Kagua pia vitu vya kuacha nyumbani. Noti ya 500 ukiikuta kwenye droo ya zamani si pesa tena: Benki Kuu ilitoa muda wa kuibadilisha, pamoja na noti nyingine za zamani, hadi tarehe 5 Aprili 2025. Ukiitumbukiza kwenye kibubu cha wahudumu, kile kikopo cha tipu cha kaunta, umewapa karatasi. Jero, yaani shilingi 500, ya leo ni sarafu.

Sarafu za kigeni nazo ziache. Maduka ya kubadilisha fedha hununua noti, hayanunui sarafu, kwa hiyo yuro mbili za chuma hubaki pambo chini ya kibubu.

## Hatua ya 1: Angalia kama kuna malipo ya huduma ndani ya bei

Soma ubao wa bei au sehemu ya chini ya menyu. Unatafuta maneno "malipo ya huduma". Baadhi ya mahoteli huyaongeza hata kwa kikombe kilichonunuliwa kaunta ya ukumbini. Usipoona kitu, uliza: "Dada, bei hizi zina malipo ya huduma ndani?"

Hapa wengi huchanganya mambo mawili. VAT unayoiona kwenye risiti, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni ya serikali. Haimhusu barista hata senti moja, kwa hiyo kuiona pale hakumaanishi kwamba umeshatoa tipu.

Kama malipo ya huduma yapo, hatua zote zinazofuata ni hiari juu ya hiari. Unaweza kuishia hapa bila dhambi yoyote.

## Hatua ya 2: Amua kiasi ukiwa bado kwenye foleni

Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, foleni ya Posta ni ya watu wanaowahi ofisini. Ukianza kupekua pochi ukiwa mbele ya keshia, unawachelewesha walio nyuma, na wewe mwenyewe unaishia kutoa noti yoyote itakayoshikika. Amua mapema, uitenge.

Usitumie asilimia. Asilimia kumi ya bili ya 6,500 ni 650, na hiyo 650 utaitengeneza kwa sarafu zipi ukiwa wima na mkoba begani? Asilimia ina maana pale mhudumu anapokuja mezani, anachukua oda, anarudi mara tatu. Huko 5% hadi 10% ya bili ni kiasi cha heshima. Kaunta pima kazi iliyofanyika:

- Spreso, amerikano au chai ya kikombe kimoja: si lazima. Ukitaka, 200 hadi 500.
- Kapuchino au latte, hasa yenye masharti (maziwa mengine, kahawa pungufu, povu zaidi): 500 hadi 1,000.
- Oda ya ofisi, vikombe vitano na kuendelea: 2,000 hadi 3,000.
- Umekaa saa tatu na kompyuta, umeomba maji mara mbili na umetumia umeme wao: 1,000 hadi 2,000, mara moja tu, unapoondoka.

Oda ya ofisi tumeipandisha kwa sababu. Spreso moja hutiririka kwa sekunde 25 hadi 30. Kabla yake kahawa inasagwa, inapimwa na kushindiliwa. Baada yake maziwa yanapashwa kwa mvuke, kijagi baada ya kijagi. Vikombe sita vinaweza kumshika barista mmoja dakika kumi nzima huku foleni ikimnung'unikia yeye badala ya wewe uliyeagiza. Ndiyo maana oda hiyo ingefaa pia ipigiwe simu mapema, saa nzima kabla kama mnaweza. Barista wengi watakushukuru kwa simu hiyo kuliko kwa noti.

Mteja wa kila siku asijibane kutoa kila asubuhi. Jero ya kila siku inachosha na huanza kuonekana kama sehemu ya bei. Weka 2,000 hadi 5,000 kwenye kibubu mara moja kwa wiki au mwisho wa mwezi, na ubadilishe siku, ili isiwe zamu ileile inayofaidi kila mara.

## Hatua ya 3: Lipa bili peke yake, mpaka ikamilike

Hapa ndipo tipu nyingi za Dar hupotelea, kwa hiyo twende polepole.

Ukilipa kwa lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu. Bili ni 7,500, wewe unatuma 9,000 ukijua kwamba 1,500 ni ya barista. Haimfikii. Pesa ya lipa namba huingia kwenye akaunti ya biashara. Keshia anaona ujumbe wa 9,000, anapiga risiti ya 7,500, na ile 1,500 inabaki kwenye akaunti ambayo hana mamlaka ya kuitoa. Ili impate, mwenye biashara lazima ajue ni ya nani, akubali, na akumbuke. Mara nyingi moja kati ya hayo matatu halitokei. Tuma 7,500 kamili, kisha tipu uitoe kwa mkono.

Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Linapaswa kuwa la mgahawa uliosimama mbele yake. Likitokea jina la mtu usiyemjua, simama na umuulize keshia, kwa sababu kuna wanaobandika namba zao juu ya namba halali.

Ukilipa kwa kadi. Keshia anaandika kiasi kwenye mashine kabla hujaiweka kadi. Muamala ukishakubaliwa, hauongezeki. Kusema "ongeza elfu moja" baada ya karatasi kutoka ni kumwanzishia kazi upya. Na ukisema mapema, tatizo linabaki lilelile la lipa namba: pesa inaenda benki kwa jina la biashara. Kama kweli kadi ndiyo njia pekee uliyonayo, uliza kwanza: "Nikiongeza tipu kwenye kadi, mnapewa?" Ukijibiwa kwa kusitasita, usiongeze.

Risiti. Dai risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, na uisome. Inapaswa kuonyesha bei ya ulichonunua, basi. Tipu isipigwe kwenye mashine kama mauzo. Ikipigwa hivyo kwenye biashara iliyosajiliwa VAT, sehemu ya kila 2,000 yako inakuwa kodi, na kilichobaki kinahesabiwa kuwa mapato ya duka. Kumbe nia yako ilikuwa kumpa binti aliyekutengenezea kahawa.

Hatua hii imekamilika vizuri pale kiasi kilichotoka kwako, kiasi kilicho kwenye risiti na bei ya ubaoni ni namba moja.

## Hatua ya 4: Maliza habari ya chenji

Chenji ni ugonjwa wa mji huu, na umezaa tipu nyingi za kulazimishana. Umetoa noti ya 10,000 kwa bili ya 7,500. Keshia anakurudishia 2,000 na kusema, "Jero sina bosi, utanidai." Wewe unacheka kidogo na kuondoka. Yeye anadhani umemwachia, na wewe moyoni unajua hujamwachia. Kesho yake mnatazamana vibaya.

Kuna njia tatu za kweli, chagua moja na uitamke.

*Unaitaka.* "Naomba unitafutie, nasubiri hapa pembeni." Ni pesa yako, na kuidai si ubahili. Pipi badala ya chenji unaweza kuikataa kwa upole uleule.

*Utaichukua baadaye.* Mwambie aiandike nyuma ya risiti yako na aweke jina lake. Neno tupu halivuki zamu. Saa nane mchana atakuwa mtu mwingine pale.

*Unaiacha iwe tipu.* "Hiyo jero baki nayo, ni yenu." Kisha ongeza sentensi moja ambayo watu hawaijui: "Mkipata chenji itoeni, muiweke kwenye kibubu." Sababu iko kwenye ufungaji wa hesabu. Jioni droo inahesabiwa na kulinganishwa na ripoti ya siku ya mashine ya EFD. Pesa ikizidi, sehemu nyingi ziada hiyo ni ya duka. Jero yako iliyolala kwenye droo bila kutolewa inageuka mali ya nyumba, na droo ikipungua ni keshia huyohuyo anayekatwa.

Usiende kaunta na noti ya 10,000 ya kwanza ya asubuhi kisha ukaudhika kwamba hakuna chenji. Kiasi kamili mkononi ni msaada ambao nao una thamani yake.

## Hatua ya 5: Itoe, kwa mkono wa kulia na kwa maneno

Sasa una tipu yako pembeni, bili imekwisha. Swali ni kibubu au mkononi?

Kibubu, kile kikopo au chupa iliyo karibu na keshia, ni chaguo la kawaida, kwa sababu kahawa yako imepitia mikono mingi: aliyechukua oda, aliyeitengeneza, anayeosha vikombe huko nyuma ambaye hutamwona kamwe. Uliza mara moja tu, siku ya kwanza: "Hiki mnagawana wote?" Jibu likiwa "ndiyo, jioni", umemaliza.

Mkononi ni pale mtu mmoja amekufanyia jambo la peke yake: kakuokotea simu, kakubebea trei ya vikombe hadi kwenye gari, karudia kinywaji bila kununa. Mpe yeye, wazi, si kwa kunyemelea. Baadhi ya migahawa inakataza mhudumu kupokea pesa mkononi. Akisema "naomba uweke pale", weka pale na usimsukumie mfukoni. Kumbuka kamera iko juu ya kichwa chake na anayeulizwa baadaye ni yeye.

Namna ya kutoa ina uzito kuliko kiasi:

1. Salamu itangulie. "Habari za asubuhi, kaka." Kwa mtu mzima kuliko wewe, "shikamoo" yake haipungui kwa sababu amevaa aproni. Usimwite kwa mluzi wala kwa "wee".
2. Toa kwa mkono wa kulia, au kwa mikono yote miwili. Usirushe juu ya kaunta yenye maji.
3. Sema: "Hii ya kwenu, asanteni." Maneno hayo ndiyo yanayoitenganisha na bili. Noti iliyowekwa kimya mbele ya keshia huingia kwenye droo, na hatakuwa amekosea.
4. Ondoka. Usisubiri kushukuriwa.

Usiiache mezani ulipokuwa umekaa. Sehemu ya kuagizia kaunta meza hufutwa na yeyote aliye karibu, pengine mtu wa usafi wa jengo zima, na mteja anayefuata anaweza kukaa kabla mhudumu wako hajafika.

Utajua umefaulu kwa ishara ndogo: shughuli nzima imechukua sekunde kumi, hakuna aliyeuliza "hii ya nini?", na pesa imeingia mahali ulipokusudia ukiiona kwa macho yako.

## Hatua ya 6: Kama taslimu haipo kabisa

Unaweza kumtumia mhudumu kwa simu yake, kwa masharti.

Kwanza, isiwe chini ya 2,000. Kuna makato ya kutuma na makato ya kutoa, na kwenye kiasi kidogo yanameza sehemu kubwa. Ukituma, weka na ya kutolea, kama unavyomfanyia mama yako kijijini.

Pili, omba namba kwa uwazi, ikiwezekana mbele ya mwenzake: "Nani kati yenu anapokea tipu za simu?" Hakikisha jina kabla ya kuthibitisha, na umwonyeshe ujumbe wa muamala.

Tatu, namba hiyo ikishapokea pesa, kazi yake imekwisha. Usiihifadhi. Usimtumie "mambo" saa nne usiku. Mabinti wengi wa kaunta hukataa tipu za simu kwa sababu hiyo tu, na noti iliyoandikwa namba ya mteja inawachosha vilevile. Pesa yenye sharti la mazungumzo haiitwi tipu, na mhudumu anayeirudisha yuko sahihi.

Kama hili lote ni zito, acha leo. Toa mara mbili wiki ijayo. Au mwite meneja wa zamu na umtaje mhudumu kwa jina lililo kifuani: "Huyu dada kanihudumia vizuri sana leo." Sentensi hiyo inaweza kumsaidia kwenye mkataba na kupandishwa cheo, ambako noti ya buku, yaani elfu moja, haifiki.

## Ukiwa na mgeni kutoka nje

Mgeni wa Marekani atakuuliza aongeze asilimia ngapi, 18 au 20. Mweleze kwa nini huko ni hivyo: sheria yao ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa tipu dola 2.13 kwa saa, mradi tipu zikamilishe kima cha chini cha dola 7.25. Mazoea ya mezani yakahamia hadi kaunta. Hapa kwetu kima cha chini hupangwa na Amri ya Mshahara kwa kila sekta, ikiwemo ya huduma za majumbani na hotelini. Kima hicho si kikubwa, na ndiyo maana jero inapokelewa kwa furaha. Lakini hakuna anayekaa kaunta akikuhesabia asilimia.

Mwambie pia atoe shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei na malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Hata kwa zawadi, noti ya dola moja ni mzigo: hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko noti kubwa, na iliyochakaa hukataliwa kabisa. Mbadilishie 20,000 kwa noti ndogondogo siku ya kwanza, atatumia wiki nzima.

## Mambo yanayoharibu, na dawa yake

Kahawa imekuja mbaya, unaacha sarafu ya 50 kama fimbo. Hataelewa ujumbe wako. Mrudishie kikombe na useme kilichokosekana: "Kaka, maziwa yameungua." Maziwa ya kapuchino hupashwa hadi nyuzi 60 au 65, yakipita 70 ladha huharibika, na barista analijua hilo. Atakutengenezea kingine. Kisha amua kuhusu tipu.

Unatoa tipu kabla, ili uruke foleni. Hiyo ni hongo mbele ya watu kumi, na unamgombanisha mhudumu na wote walio nyuma yako.

Unamwaga sarafu zote za mfukoni. Sarafu ni pesa halali, lakini lundo lenye vumbi la mfuko na tiketi ya daladala linaonekana kama unajipunguzia mzigo. Chagua mbili safi, weka.

Kahawa imeletwa na bodaboda. Ulichoweka kwenye kibubu hakimfikii. Yeye ana yake, 500 au 1,000 mkononi, zaidi kukiwa na mvua.

Umemwona meneja akichukua kibubu chote. Usianzishe ugomvi kaunta. Anayebaki pale ukiondoka ni mhudumu. Siku nyingine mpe mkononi kama anaruhusiwa, au uliza wenye mgahawa kwa utulivu jinsi kinavyogawanywa.

## Na kahawa ya kijiweni?

Kahawa chungu ya dele, ile ya Kariakoo na ya barazani jioni, haina tipu. Muuzaji ndiye mwenye biashara, na ukimwongezea mia mbili atakupa kikombe kingine badala ya kuipokea bure. Kama moyo umekusukuma, nunua kashata, au umwambie, "Na huyu mzee kikombe chake juu yangu." Mlipe cha mzee papo hapo, usiseme utarudi.